Nilishindwa na Kivuli

Kura za Hapana zilikuwa 14. Za Ndiyo zilikuwa 9. Moja iliharibika kwa sababu iliandikwa "kitimoto nusu, ndizi mbili", na mhudumu wa baa akaja kuidai tukiwa katikati ya kuhesabu. Nafasi iliyogombewa ilikuwa ya mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu. Mgombea nilikuwa mimi. Mgombea mwingine hakuwepo.

Ninavyoandika hivi masikio bado yanawaka. Ukishindwa na mtu una pa kushika: mtu ana jina, ana kitambi, anasengenyeka. Mimi nimebwagwa na nafasi tupu.

Na haikuwa lazima. Vikao vya harusi hapa Dar es Salaam vina utaratibu wake: mmoja anataja jina, wa pili anaunga mkono, makofi yanapigwa, na katibu anaandika "amepita bila kupingwa" kabla mhusika hajamaliza kusimama. Hivyo ndivyo walivyopatikana mwenyekiti, makamu wake na katibu mwenyewe. Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti, mwalimu mstaafu anayependa kanuni kuliko nyama choma, akasema fedha si jambo la makofi. Akachana daftari, akagawa vikaratasi. "Andikeni Ndiyo au Hapana."

Akavisoma kimoja kimoja, kwa sauti ile ya kutangaza matokeo ya darasa la saba. Hapana. Hapana. Ndiyo. Hapana. Shangazi alikuwa akinitazama kwa huruma ambayo kila nikiikumbuka naishuku. Sababu naijua. Kwenye sendofu ya binamu yetu niliiweka orodha ya ahadi ambazo hazijalipwa katika grupu la WhatsApp, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Wapiga kura wangu wengi walikuwa kwenye orodha hiyo.

Mwenyekiti akatangaza kwamba mgombea ameshindwa, akauliza nani mwingine anaitaka nafasi. Watu wakainamia simu zao. Basi akaamua kwamba aliyeshindwa atakaimu. Usiku uleule michango ikaanza kuingia kutoka kwa watu walewale, mmoja akiambatanisha ujumbe: "Mjomba, hiyo ni nusu, usinitangaze." Njiani nilimuuliza mke wangu yeye aliandika nini. "Kura ni siri, Baba Neema."

Sikulala. Nilijigeuza kitandani nikiwatafuta wenzangu katika historia, na wapo, tena wakubwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alishindana na binadamu, Zuberi Mtemvu, aliyeambulia asilimia isiyofika 2. Nchi ilipoingia kwenye chama kimoja, kuanzia 1965 karatasi ya urais ikawa ya Ndiyo na Hapana, na wazee wakasema Mwalimu anashindana na kivuli. Kivuli hakina ilani, hakina mkutano wa hadhara, hakimkopeshi mtu. Mwaka huo Mwalimu alikishinda kwa zaidi ya asilimia 96. Kwenye ubunge ndiko kulikokuwa na utamu. Katika majimbo karibu yote TANU ilisimamisha watu wawili wa chama hichohicho, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Ukipewa jembe, unawauliza wakulima kama nyumba inalima. Ukipewa nyumba, unawauliza kama watalala ndani ya jembe. Mchezo mtupu, lakini wakubwa walianguka kwelikweli, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Mweka hazina wa taifa zima! Faraja hiyo ilinifikisha saa nane usiku.

Kisha nikavuka bahari. Mwaka 1985 Idris Abdul Wakil aligombea urais wa Zanzibar peke yake, na takribani wapiga kura wanne katika kila kumi wakaandika Hapana. Akawa rais, ila akajua amewakalia watu wangapi mguuni. Kenya walikuwa wakali zaidi: Kenyatta mwaka 1969 na 1974, kisha Moi mwaka 1979, 1983 na 1988, hawakuwekewa hata kivuli. Hakuna mpinzani, basi hakuna kura ya urais. Na kwenye mlolongo wa 1988, watu walipopanga foleni nyuma ya wagombea ubunge mchana kweupe, ilikuwepo kanuni ambayo nimeirudia kichwani mpaka ikanipa kizunguzungu: aliyezidi asilimia 70 ya foleni alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na kura ya siri haikupigwa tena. Waliosimama juani kwenye foleni ya mpinzani wake, wakionwa na chifu, walihesabiwa kuwa hawakupinga.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka, maana nami ninalo langu.

Oktoba 2020 nilidamka kwenda kituoni na kitambulisho changu cha mpiga kura. Nikapewa karatasi ya rais na ya mbunge. Ya diwani? "Huyo amepita bila kupingwa," nikaambiwa. Fomu ya mpinzani wake ilikuwa imekatwa kwa kosa la kujaza. Mwaka huo wabunge zaidi ya 20 nao walipita hivyohivyo. Mimi sikuwa na mgombea wangu. Nilikuwa na mtaro ambao kila masika unaingia sebuleni, na nilitaka mahali pa kuandika neno moja. Diwani akaja mtaani kwenye mkutano wa kwanza, akatushukuru kwa kumkubali sisi sote, bila hata mmoja kusema hapana. Nilipiga makofi na wenzangu. Ungefanyaje, aliyetamka hivyo alikuwa na kumbukumbu za tume mkononi.

Sheria ya uchaguzi ya 2024 imefuta mambo hayo: mgombea akibaki peke yake, anapigiwa kura ya Ndiyo au Hapana. Kivuli kimerudishwa kazini. Nakipongeza kwa uchungu, maana wajumbe 14 walionikataa wametumia haki ambayo mimi nilinyimwa, na nimewaweka wote kwenye orodha mpya ya ahadi.

Nyadhifa nyingine nimezipata kwa njia ya zamani. Kwenye msiba wa jirani nilipita bila kupingwa kuwa msimamizi wa maturubai, mvua ikanyesha. Kwenye kikao cha wazazi shuleni nilipita bila kupingwa kuwa mfuatiliaji wa vyoo. Na kazi ya kumwambia mwenye nyumba kwamba kodi itachelewa, hiyo hata kikao hakikuitishwa.