Kabla Hujauza Kiwanja Uhamie Mirihi: Mambo Tisa, Kutoka Jepesi Hadi Zito

Habari za Mirihi siku hizi ni habari za roketi. Ina urefu gani, imebeba injini ngapi, imelipuka wapi safari hii. Sawa, lakini roketi ni nauli tu. Elon Musk aliposimama Guadalajara, Mexico, Septemba 2016 na kueleza mji wa watu milioni moja kwenye sayari nyekundu, aliongea sana kuhusu kufika. Mimi nauliza ya baada ya kushusha mizigo. Tuanze na mambo mepesi, na kadiri tunavyohesabu kurudi nyuma utaona mtu anaanza kukohoa.

9. Usafiri si wa kila siku

Nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi, Dunia na Mirihi zinapokaa vizuri kwenye njia zao. Safari yenyewe ni kama miezi saba. Ukichelewa, hakuna kondakta wa kumbembeleza wala bodaboda ya kulikimbiza basi.

8. Salamu zitatumaliza

Ujumbe unaokwenda kwa kasi ya mwanga huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari mbili zimeachana kiasi gani. Sasa chukua siku mbaya, umpigie mama mkwe. "Shikamoo, mama." Dakika 22. "Marahaba mwanangu, hamjambo huko?" Dakika 22. "Hatujambo, sijui nyie." Dakika 22. Saa nzima imekatika, na bado hatujagusa watoto, mvua wala mguu wa babu. Lililokufanya upige simu utalisema keshokutwa.

Kuna nafuu moja. Kila baada ya miaka miwili hivi Jua hukaa katikati yetu na Mirihi, na NASA huacha kutuma amri kwa vyombo vyake vilivyoko huko kwa muda wa kama wiki mbili. Wenye madeni, wekeni alama kwenye kalenda.

7. Utarudi ujanani, kwa karatasi

Mwaka wa Mirihi ni siku 687 za huku. Mwenye miaka 40 anashuka hadi 21 na ushei. Wale viongozi wa jumuiya za vijana wenye wajukuu, hatimaye mmepata jimbo. Siku nayo ni ndefu kuliko yetu kwa dakika 39 hivi, na nina hakika bado kikao kitaanza kwa kuchelewa.

6. Mwezi upi?

Mirihi ina miezi miwili, Phobos na Deimos. Phobos huizunguka sayari kwa saa 7 na dakika 39 hivi, haraka kuliko sayari inavyojizungusha yenyewe, kwa hiyo huchomoza magharibi na kuzama mashariki. Sisi tuna mmoja tu, mstaarabu, ambao njia yake inajulikana tangu enzi na enzi, na bado kila mwisho wa Ramadhani kuna waliofungua leo na watakaofungua kesho.

Malaysia ilijaribu kujiandaa. Mwaka 2007 mwanaanga wake, Sheikh Muszaphar Shukor, alipokwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kulitolewa mwongozo wa swala: elekea Kaaba ukiweza, ukishindwa elekea Dunia, ukishindwa kabisa elekea popote. Mwongozo wa busara. Phobos haumo.

5. Tarehe ya kuondoka ni ya kuahirishwa

Wernher von Braun, baba wa roketi iliyowapeleka watu Mwezini, alipendekeza mwaka 1969 kwamba binadamu watue Mirihi 1982. Kampuni ya Mars One ya Bas Lansdorp, Mholanzi, ilitangaza kwamba wakaaji wa kwanza, wa kwenda bila kurudi, wangefika 2023, na gharama zingetoka kwenye kipindi cha televisheni. Watu walilipa ada ya maombi. Mwaka 2014 wanafunzi wa MIT waliupigia hesabu mpango huo wakaona mtu wa kwanza angekosa hewa siku ya 68. Kampuni yenyewe iliishiwa pumzi kabla ya abiria: ilifilisika Januari 2019. Musk naye mwaka 2017 alilenga kupeleka watu 2024. Kalenda unayo, tazama.

Walioonyesha akili ni Falme za Kiarabu. Mwaka 2017 walitangaza mpango wa makazi Mirihi, wakaweka tarehe: 2117. Chombo chao, Al-Amal, kilifika kwenye mzingo wa Mirihi Februari 2021, kwa hiyo si watu wa maneno matupu. Lakini ahadi ambayo siku ya kuitimiza hakuna mwandishi wa habari aliye hai wa kukuuliza, huo ni usanii wa daraja la kwanza.

4. Nyumba ni handaki

Michoro huonyesha kuba za vioo na familia ikitazama machweo ya bluu. Machweo kweli ni ya bluu, hapo hakuna chumvi iliyotiwa. Kuba ndiyo tatizo. Mirihi haina ngao ya sumaku kama ya Dunia, na mgandamizo wa hewa yake haufiki asilimia 1 ya wetu, kwa hiyo mionzi ya anga inashuka bila kubisha hodi. Wastani wa joto ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Utaishi chini ya udongo wa kutosha, na dalali atakuambia nyumba "imetulia".

3. Shamba lina sumu

Hapa ndipo wapenda filamu huinua mkono: mbona yule bwana wa *The Martian* alilima viazi? Alilima, ndiyo. Lakini mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilichimba karibu na ncha ya kaskazini kikakuta chumvi za pakloreti, zinazovuruga kazi ya tezi ya shingoni. Udongo itabidi uoshwe kwanza, na maji ya kuuoshea yachimbwe yakiwa barafu. Wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, Lima, walichukua udongo mkavu wenye chumvi wa jangwa la kusini mwa Peru, wakaufungia kwenye kisanduku chenye hewa ya kuigiza Mirihi, na viazi vikaota. Kuota ni jambo jema. Kushiba ni jambo jingine.

Ukitaka kujua kushiba kunagharimu nini, kuna Biosphere 2, jumba la vioo la Arizona ambamo watu wanane walijifungia kuanzia Septemba 1991 hadi Septemba 1993 wakila walichokilima. Jane Poynter, mmoja wao, amesimulia kwamba pizza moja ilimchukua miezi minne: panda ngano, subiri, vuna, saga, kamua mbuzi, tengeneza jibini. Kwa hiyo mgeni akikuarifu kwamba ameshapaa kutoka Duniani, usihangaike. Safari yake miezi saba, pizza yake miezi minne. Una miezi mitatu ya kutafuta mbuzi.

2. Majirani ni walewale

Hao wanane waliingia wakiwa marafiki. Kabla ya muda kwisha walikuwa kambi mbili za wanne wanne, chini ya paa moja, wakila chakula kilekile kichache. Wadudu wa kuchavusha maua walikufa, mende na sisimizi wakastawi. Sijui kama kuna namna nyingine ya kueleza ujirani.

Majaribio mengine yalikwenda vizuri zaidi. Moscow, wanaume sita walikaa siku 520 ndani ya chombo cha kuigiza kati ya 2010 na 2011. Houston, watu wanne walikaa siku 378 kwenye nyumba iliyochapwa kwa mashine, wakatoka Julai 2024. Februari 2018 Jukwaa la Anga la Austria lilipeleka watu jangwa la Dhofar, Oman, wakatembea mchangani ndani ya suti nzito wakijifanya wako Mirihi. Nayaheshimu yote hayo. Ila Dhofar ina sifa moja ambayo Mirihi haina: mambo yakiharibika, Salalah inafikika kwa gari.

1. Hewa ina mwenyewe

Tumefika. Hewa ya Mirihi ni kaboni dioksidi kwa asilimia 95, na oksijeni unaweza kuikamua humo. Hilo limethibitishwa. Kifaa cha MOXIE, kikubwa kama betri ya gari, kilikwenda na chombo cha Perseverance, kikawashwa mara 16 kati ya 2021 na 2023, kikatoa jumla ya gramu 122. NASA wenyewe walisema hiyo ni pumzi ya mbwa mdogo kwa saa kumi. Mbwa mdogo. Kwa mji wa watu milioni moja itabidi mashine ikue, na itakua, wahandisi siwaogopi.

Ninayemwogopa ni mwenye swichi. Mkataba wa Anga wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha sayari. Vizuri. Lakini mashine si sayari. Mashine ina risiti, na risiti ina jina la mtu. Starlink, huduma ya intaneti ya Musk, iliandika kwenye masharti yake kwamba Mirihi ni sayari huru isiyo chini ya serikali yoyote ya Duniani, na kwamba migogoro itamalizwa kwa kanuni za kujitawala zitakazowekwa kwa nia njema. Huku, mwenye nyumba akikukatia maji unabeba ndoo kwa jirani, unakwenda kwa mjumbe, unamsema vibarazani mpaka aone aibu. Huko jirani anavuta kwenye bomba lilelile, na ukitoka nje kwa hasira umejimaliza mwenyewe.

Charles Cockell wa Chuo Kikuu cha Edinburgh amekusanya wasomi na kuhariri vitabu kuhusu swali hili hili: uhuru utakuwaje mahali ambapo hewa yenyewe inatengenezwa na mtu? Wengi humwona mwenye mashine kama sultani. Mimi namtazama fundi wa zamu ya usiku, mwenye spana mkononi. Kampuni haiwezi kumfukuza mpaka meli ijayo, na mkurugenzi, ofisi yake iwe kubwa namna gani, naye anavuta kwenye bomba hilo hilo. Kikao cha nyongeza ya mshahara hakitafika saa sita mchana.