Kwa Heshima ya Filta Iliyoziba

Songea ina Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, na yanastahili heshima yote yanayopewa. Lakini mji huu una makumbusho mengine ambayo hayajawahi kukatiwa utepe na mgeni rasmi. Yamejificha nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi tunamowekea kadi ya gari, mbele ya magoti ya abiria. Ni filta ya AC. Naisifu iliyoziba, mpya haijafanya kazi yoyote ya kusifiwa.

Fadhila yake kuu ni utunzaji wa kumbukumbu. Masijala hupoteza mafaili, folio hunyofolewa, lakini filta haiachii hata chembe. Chomoa iliyokaa miaka, panua mikunjo yake taratibu, usome kuanzia ndani. Tabaka la kwanza si letu: ni chavua ya sugi, miti ambayo Wajapani waliipanda kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, na ambayo kila ifikapo Machi huipigisha chafya nchi nzima. Magari yetu mengi ni mitumba ya huko, kwa hiyo chafya hizo zimeshushwa bandarini Dar es Salaam bila kulipiwa ushuru. Linafuata vumbi jekundu la kiangazi, nene na lenye subira. Kisha makapi ya mahindi, ya msimu ule malori yanapopanga foleni kwenye maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula. Mwanahistoria akiyapima unene atajua mavuno yalikuwaje bila kumsumbua bwana shamba. Halafu majivu ya mashamba yanayochomwa kabla ya mvua. Unyoya mmoja wa kuku, ambao sina maelezo yake. Panya naye alipita, akaacha saini. Na juu kabisa, jeusi, limelala tabaka la makaa ya mawe ya Ngaka, kule Mbinga, yanayosombwa kwa wingi kwenda bandari ya Mtwara, hasa tangu vita vya Ukraine vilipoyapandisha bei duniani. Vita vile vimefika Songea, vimekaa kwenye Premio yangu.

Fadhila nyingine nazitaja kwa haraka. Filta iliyoziba huongeza usalama barabarani: asubuhi za Julai, baridi ikishika, hewa haitoki, kioo kinajaa ukungu, na dereva anakwenda taratibu bila kusimamishwa na trafiki. Hufundisha unyenyekevu, maana feni ya namba nne huvuma kwa nguvu za namba moja. Harufu yake hupunguza waomba lifti.

Kasoro yake ni moja tu, kwamba inabidi ibadilishwe. Watengenezaji wengi husema kilomita 15,000 hivi au mwaka mmoja, na mapema zaidi penye vumbi, yaani huku kwetu. Nenda dukani. Ukitaja gari lolote unapewa filta ya IST. Ukisema gari lako si IST, unajibiwa: “Zinaingiliana, bosi. Ikigoma unaipunguza na mkasi.” Toyota huanza namba za filta hizi na 87139 ili mtu asihangaike kukisia, ila namba husomwa na mteja peke yake. Iliyopunguzwa na mkasi huacha mwanya pembeni, na vumbi haliendi kuzunguka mbali penye mwanya. Orijino? Orijino kabisa, japo jina la kampuni kwenye boksi limepungukiwa herufi. Je, ile yenye mkaa, inayozuia harufu? Imeisha. Haidhuru, barabara ya Mbinga itautia mkaa yenyewe.

Kuifunga hakuhitaji spana. Unabana kuta za kisanduku, kinashuka, unafungua kifuniko, unachomoa, unachomeka. Fumbo liko kwenye mshale. Kwenye Toyota nyingi hewa hushuka kuelekea kwenye feni, kwa hiyo mshale wenye neno UP hutazama juu, na wenye maneno AIR FLOW hutazama chini. Fundi wangu huamua kwa kuuangalia uso wa mteja. Kisha anatoa ushauri wa bure: “Hii haina kazi, bosi. Wenzako tunawatolea kabisa.”

Haina kazi! Uchafu wote ule ungekuwa kifuani mwangu. Tena mimi nina kioo cha kupandisha. Bodaboda hana. Mama wa mboga aliyepanga mafungu yake kando ya lami hana, na watoto wanaotembea kwenda shule wakipishana na malori ya makaa hawana filta wala namba ya kuiagizia. Maturubai ya kufunika makaa yapo, yamekunjwa vizuri nyuma ya kabini. Boza la kumwagia maji barabara iliyochimbuliwa nalo lipo, ila linajua ratiba ya viongozi kuliko mimi ninavyoijua ya mvua. Siku ya msafara hupita alfajiri, likarudia, na mji mzima unanukia udongo uliolowa. Zinapita STL za serikali, vioo juu, filta zake zimenunuliwa kwa kodi. Kufikia jioni vumbi limesharudi kazini.

Nawaza kuipeleka filta yangu kwenye ofisi inayohusika iwe ripoti ya utekelezaji ya robo mwaka. Imejaa takwimu na haina sentensi hata moja ya kumshukuru mgeni rasmi. Karani wa masijala ataniambia kwamba mhusika yuko semina, na kwamba ripoti huletwa nakala tatu. Nakala si tatizo. Majirani zangu nao wanazo.