Mbao Iliyonawa Uso

Sina ugomvi na wanakemia. Wao kazi yao waliifanya. Ugomvi wangu ni na sisi tulioletewa kazi hiyo ikiwa kamili, tukaipunguza mpaka ikabaki sura.

Chukua kiti cha plastiki. Inajulikana kwamba jua hukatakata minyororo ya plastiki, ndiyo maana kiwandani huchanganywa kinga. Tangi jeusi la maji halikuwa jeusi kwa urembo: lina masizi laini yanayoumeza mwale kabla haujaiumiza plastiki. Kiti kikinyimwa kinga yake kinapauka, kinatoa unga, na siku ya msiba kinamwangusha mjomba mbele ya wakwe. Mjomba ndiye anayelaumiwa, eti mnene.

Lakini kiti ni hasara ndogo. Mimi nimepaua nyumba.

Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alisajili hataza ya kushindilia kriosoti ndani ya mbao kwa shinikizo. Mwaka 1933 Mhindi Sonti Kamesam akaja na mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Shaba inaua kuvu, aseniki inamfunga mchwa mdomo, kromiamu inazishikiza zote mbili zisioshwe na mvua. Mbao inafungiwa kwenye silinda kubwa ya chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa mpaka ndani. Ule ukijani wa mbao ya dawa unatokana na shaba. Ni alama tu kwamba kazi imefanyika.

Wajanja wetu wakaichunguza kazi yote hiyo, wakagundua kwamba sehemu yake ya bei nafuu kuliko zote ni ukijani. Wakabaki na huo.

Nilipokwenda kununua mbao za kenchi, muuzaji aliweka mkono kifuani. “Mzee wangu, hizi zina dawa. Mchwa akizigusa hafiki kwao.” Dawa gani? “Dawa yenyewe.” Imetiwa wapi? “Kiwandani.” Nikaomba msumeno nikate kipande nione ndani. Loo! Duka zima la mbao, msumeno umekwenda kunolewa. Na kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja, nikalipa huku nanung’unika, kama raia mwema.

Fundi alipokata ya kwanza, nje kijani kibichi, ndani nyeupe kama ugali wa sembe. Akaitazama kwa huruma. “Bosi, hii imenawa uso tu.”

Basi mama ntilie wa pale saiti akaja kuomba masalia akapikie. Nikamkatalia kwa hotuba ndefu. Nikamweleza kwamba mbao ya dawa haichomwi jikoni, aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu. Kwamba hata Marekani, tangu mwisho wa 2003, dawa hiyo iliondolewa kwenye mbao nyingi za matumizi ya nyumbani. Mama wa watu akasikiliza, sufuria kiunoni, maharage yakimsubiri.

Muuzaji wangu, aliyekuwa amesimamia kushushwa kwa mzigo wa pili, akashindwa kuvumilia.

“Mwachie apikie, mzee,” akasema. “Hiyo ni rangi tu, haina neno.”

Akanikabidhi risiti. Imeandikwa: mbao za dawa.