Bakuli la Bibi na Safu ya Wagiriki

Bakuli lilivunjika Jumanne usiku, baada ya swala ya Isha, na aliyetoa amri ni mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtaani wameshaanza kulihesabu kuwa utundu wa watoto. Watoto walisimama nilipowaambia wasimame, wakatembea nilipowaambia watembee.

Mwaka huu niliazimia historia ya dunia iingie nyumbani kwangu. Mimi shuleni niliisoma kwa kukariri: sababu tano za hiki, athari sita za kile, na mtihani ukiisha basi, imekwisha nayo. Kifungua mimba wangu yuko kidato cha pili na naona anapita njia ileile. Ndipo nikapata mihadhara ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ambayo chuo kilianza kuitoa bure kwa umma mwaka 2007. Profesa anafundisha darasani kwake kama kawaida, wanamrekodi, nawe ukiwa Tanga unakaa kama mwanafunzi wa mstari wa nyuma. Nilianza na somo la Ugiriki ya kale la Donald Kagan, mihadhara 24. Niliipakua yote kwa bando la usiku, nikaitia kwenye memori kadi, kadi nikaichomeka kwenye ile spika ndogo ya kuchaji ambayo umeme ukikatika haina habari.

Kagan alizaliwa Lithuania mwaka 1932, akakulia Brooklyn, akafariki mwaka 2021. Marehemu anaongea sebuleni kwetu kila usiku, na nimemzoea kama mtu wa nyumbani.

Utaratibu ulikuwa huu: chakula kikiisha, vyombo vikioshwa, mkeka unatandikwa, spika inawekwa juu ya kigoda. Watoto Kiingereza wanakipata nusunusu, kwa hiyo kila baada ya dakika mbili tatu nasimamisha, naeleza kwa Kiswahili, kisha tunaendelea. Mhadhara wa zaidi ya saa moja unatuchukua siku mbili au tatu. Mwanzoni nilikereka na kusimamasimama huko. Baadaye nikagundua kwamba kitufe cha kusimamisha ndicho kilichokuwa kinanifundisha. Kusikiliza tu, maneno yanapita kama gari moshi. Ukishalazimika kumwambia mtoto wa miaka 11 kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa nini mkulima wa Kigiriki alikwenda vitani na silaha alizonunua mwenyewe, hapo unajua kama umeelewa au hukuelewa. Mara nyingi nilikuta sijaelewa. Narudisha nyuma, nasikiliza tena.

Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Bibi, hakuwa nasi mkekani. Alikaa chumbani kwake na tasbihi, mlango wazi. Nilidhani hasikii.

Sasa, safu ya Wagiriki. Ngao ya askari wao ilikuwa ya mviringo, ya mbao, upana karibu sentimita 90, uzito kama kilo 7. Mkono wa kushoto unapenya kwenye kishikio cha katikati mpaka kiwikoni, kiganja kinakamata kamba ya ukingoni. Ukiibeba hivyo, nusu ya ngao inakukinga wewe na nusu inatokeza kushoto kumkinga jirani yako. Ubavu wako wa kulia uko wazi, uhai wako ameushika aliye kulia kwako. Basi kila mmoja, kwa hofu tu, anajisogeza kulia kidogo ajibanze nyuma ya ngao ya mwenzake, na safu nzima, maelfu ya watu, inakwenda upande kama kaa. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki wa zama zilezile, aliliandika hilo alipoeleza pambano la Mantinea la mwaka 418 KK.

Nilisimamisha, nikaeleza. Mwanangu wa kati akakataa. “Mama, mimi ningesimama palepale. Kwani lazima nisogee?”

Nikasema haya, tuone.

Walikuwa wanne: wangu watatu na mtoto wa shemeji aliyekuja likizo. Ngao zilikuwa sinia la pilau, sinia la kahawa, ungo, na mfuniko wa sufuria la shughuli. Kwenye mgongo wa kila moja tulifunga vipande vya mpira wa baiskeli, kimoja cha kiwiko na kimoja cha kiganja. Mikuki ni miiko na mpini wa fagio. Kitinda mimba tulimweka mwisho kabisa kushoto, na kifungua mimba mwisho kulia, kwa sababu huko ndiko walikowekwa wenye nguvu, wale ambao ubavu wao wa kulia hauna mtu wa kuukinga. Mimi nikasimama mbele yao, upande wa Waajemi, na mito ya kochi mkononi.

Wakaja. Nikarusha mto wa kwanza, wa pili. Na wallahi walisogea! Hawakujua kama wanasogea. Yule wa kati, aliyeapa kusimama palepale, alijisukumiza kwa kaka yake mpaka mabega yakagusana, naye kaka akatafuta nafasi kulia, na hatua sita baadaye safu ilikuwa imeacha mkeka na kufika ukutani. Nilifurahi mno. Nilipiga makofi. Karne ishirini na nne, na jambo lile liko hai mbele yangu kwenye sakafu ya saruji, kwa sinia na ungo.

Kulia kwa sebule yetu kuna kabati la vyombo la Bibi. Mguu wake mmoja ni mfupi, umewekewa karatasi ngumu iliyokunjwa. Kiwiko cha kifungua mimba kililigonga ubavuni, karatasi ikachomoka, kabati likayumba mara moja na kurudi. Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe. Vikombe vilitelezeana vikabaki. Bakuli kubwa la rafu ya juu lilikuja mpaka ukingoni, likakaa hapo muda ambao mpaka sasa naona ningeweza kulidaka, kisha likaanguka.

Watoto walikuwa bado wameshika ngao. Hakuna aliyesema kitu.

Bibi alitoka. Hakupaza sauti. Alichutama, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja na kuvitia kwenye upande wa kanga yake, vikubwa kwanza, kisha akaomba tochi ili avipate vidogo. Nilipoinama nimsaidie aliniambia, “Wacha, mwanangu, nitaokota mwenyewe.” Aliporudi chumbani alifunga mlango.

Siku tatu mlango ule haukufunguliwa kwa ajili yangu. Chakula alipelekewa na kitinda mimba. Shikamoo yangu aliitikia, ila kwa mbali. Mume wangu alikuwa safarini na lori; nilipompigia na kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Lile lenye maua?” Nikasema ndilo. Hakuongeza neno, na ukimya wake ulinitisha kuliko maneno.

Siku ya nne nilikwenda kuomba radhi kama inavyotakiwa, nikiwa nimejitanda, nimebeba doti ya kanga. Alinikaribisha kitandani nikakaa. Vipande alikuwa amevipanga juu ya mkeka mdogo, maua kwa maua: ya buluu, ya waridi, majani ya kijani, yaliyogongwa kwa mkono kwa sponji ya rangi. Akanipa kipande cha kitako nikishike. Chini yake palikuwa na muhuri uliofifia wa mnyama aliyelala, mwili wa simba, kichwa cha mtu, na neno moja ambalo yeye hakuwahi kujua linasomekaje: Maastricht.

Maastricht ni mji wa Uholanzi, uleule ambako mwaka 1992 ulitiwa saini mkataba wa Umoja wa Ulaya. Katika karne ya 19 kiwanda cha Petrus Regout kilichokuwa huko kilitengeneza mabakuli kama haya, na mengi yalipelekwa Unguja na pwani hii. Mnyama ni sfinksi, alama ya kiwanda, yule ambaye Wagiriki walisimulia kwamba aliukalia mji wa Thebes akiwauliza watu kitendawili. Nilimweleza Bibi hayo yote, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata kitu chake mahali asipotarajia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akaniambia lake. Bibi yake aliyemlea, kule Pangani, hakuzaliwa Pangani. Aliletwa kutoka bara akiwa mtoto, na hakuja kwa hiari yake. Alilimishwa shamba la miwa la mtu. Alipokuwa huru alisuka mikeka na kuuza, na bakuli hili ndicho kitu cha kwanza alichokinunua dukani kwa fedha yake, akakihesabia bei senti kwa senti mbele ya mwenye duka. Ndiyo maana siku za kawaida halikupakuliwa chakula. Lilitoka siku ya Idi tu.

Miaka 16 nimeishi nyumba moja na bakuli lile. Nimelifuta vumbi sijui mara ngapi.

Usiku ule Bibi alikuja mkekani. Alisema, “Washa huyo mzee wako.” Tulikuwa tumefika Sparta. Nikaeleza jinsi wanaume wa Sparta walivyotolewa kwa mama zao wakiwa na miaka 7, wakalelewa kambini, maisha yao yote mazoezi na vita. Bibi akainua mkono kama mwanafunzi.

“Simamisha. Na mashamba yao analima nani?”

Nilikuwa nimelipita swali hilo bila kuliona. Walilima maheloti, hasa watu wa Messenia, nchi jirani ambayo Sparta iliiteka na kuwageuza wenyeji kuwa watumwa wa dola juu ya ardhi yao wenyewe. Inasimuliwa kwamba kila mwaka watawala wa Sparta waliwatangazia vita rasmi, ili Mspartani akimuua mmoja isihesabiwe dhambi. Bibi alitikisa kichwa taratibu. Tangu hapo kila usiku kabla sijabonyeza kitufe aliuliza: “Wale wakulima wameshakombolewa?” Nami najibu, bado mama.

Hawakukombolewa wakati wa vita vya Marathon, mwaka 490 KK. Hawakukombolewa Athens ilipopigwa na tauni, wala mwaka 404 KK kuta zake ndefu zilipobomolewa kwa sauti za filimbi. Watoto waliyashika mambo yale yote, miaka na majina, kwa sababu sasa tulikuwa tunamngojea mtu ndani ya hadithi.

Jambo moja linanisumbua, nalo nalitaja kwa sababu nalijali. Nilikuwa nimeshachagua masomo mawili ya kufuata kutoka chuo kilekile: la Paul Freedman, linaloanzia mwaka 284 mpaka 1000, na la John Merriman, la Ulaya ya mwaka 1648 mpaka 1945. Ukiyapanga hivyo unaona shimo katikati. Ndani ya shimo hilo ndimo msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Ndimo Malindi ilipompelekea mfalme wa China twiga, mwaka 1415. Ndimo Wareno walipoiteka Kilwa, mwaka 1505. Maprofesa hawana kosa, wanafundisha walichokisomea, na wanakifundisha vizuri sana. Lakini mimi niliyekusudia kuwapa wanangu historia ya dunia nilikaribia kuwapa ya Ulaya na kuiita ya dunia. Mihadhara ya kulijaza shimo hilo natafuta, na nitaipata.

Bakuli tuliliunga kwa gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa. Kazi ilichukua Jumapili mbili, Bibi akielekeza, kifungua mimba akishika vipande kwa vibanio vya nguo. Kipande kimoja cha ukingoni, ukubwa wa ukucha, hakikuonekana mpaka leo. Mguu wa kabati umewekewa kipande cha ubao kilichopigiliwa misumari.

Tukafika Leuctra, mwaka 371 KK. Epaminondas wa Thebes alijua kwamba Wasparta huweka nguvu yao kulia. Akapanga watu wake hodari upande wa kushoto, si safu nane wala kumi na mbili bali 50 kwenda nyuma, wakakutana uso kwa uso na walio bora wa Sparta. Mfalme wao Cleombrotus akauawa. Watoto waliomba kujaribu, Bibi akaruhusu, nje uani. Alisimama kibarazani mwenyewe, akamhamisha kifungua mimba kushoto, akamwambia kitinda mimba abaki kulia na asiwe na haraka. Kuku walitawanyika.

Tuliporudi ndani nilibonyeza kitufe. Ushindi ule ulimfungulia Epaminondas njia ya kuingia nchi ya Wasparta, na kufika mwaka 369 KK watu wa Messenia walikuwa huru, wanajenga mji wao, Messene, wenye kuta zao wenyewe. Walikuwa chini ya Sparta kwa karne tatu au zaidi.

Nilisimamisha, nikamweleza Bibi kwa Kiswahili. Alikuwa ameinamia tasbihi. Aliuliza kama waliokuwa wamekimbilia mbali walirudi. Nikamwambia inasimuliwa waliitwa, nao wakarudi.

“Rudisha,” alisema. “Nimsikie yeye anavyosema.”

Kiingereza Bibi hajui. Nikarudisha.