Jinsi ya Kuhamia Melini: Mwongozo wa Abiria wa Mto Kongo

Anayekata tiketi ya meli kutoka Kinshasa kwenda Kisangani hasafiri, anahama. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 1,700 hivi za maji, na barabara ya lami ya kuiunganisha hakuna. Chombo kinachokungoja gatini ni mtaa mzima unaoelea, wenye soko, jiko, kinyozi, mbuzi, ugomvi wa asubuhi na maombi ya jioni. Ukiingia kama abiria wa basi, utateseka mpaka Kisangani. Ukiingia kama mpangaji mpya, utafika umenenepa. Hatua ni saba.

1. Kijue chombo

Usipoteze muda kutafuta meli yenye ghorofa na vyumba vya kulala. Kazi kubwa ya mto huu hufanywa na matishari. Meli yenye injini hukaa nyuma ikisukuma, na mbele yake matishari kadhaa hufungwa pamoja kwa kamba za chuma. Shehena iko chini, ninyi mko juu ya shehena, na juu yenu kuna turubai. Chombo cha pili ni balenieri, boti ndefu ya mbao yenye mashine, ambayo imeenea mtoni tangu meli za shirika la serikali zilipopungua. Balenieri huingia vijito ambavyo tishari halithubutu. Pia hupinduka upesi. Liweke neno hilo akilini, tutalirudia.

2. Chagua kiwanja

Fika siku moja au mbili kabla, shehena ikiwa bado inapakiwa. Tandika mkeka mbali na bomba la moshi, mbali na mbuzi, na karibu na mama mwenye sufuria kubwa. Kabla hujafungua begi, salimia. Mtu mzima ni Papa au Mama, na aliyekuzidi miaka michache ni Yaya. Ukimwita mtu Mama kwa siku tatu na kumaanisha, siku ya nne hatakuacha ulale njaa.

Kiswahili chako kitunze kwa ajili ya Kisangani. Huku chini mto unasema Lingala, lugha iliyokua midomoni mwa wafanyabiashara wa maji haya haya. Jifunze kusema "mbote" kabla ya neno jingine lolote. Meli yenyewe wanaiita masuwa, na aliyekulia karibu na mashua hawezi kulisahau neno hilo.

3. Acha kuuliza tutafika lini

Swali hilo halina jibu. Kumwuliza nahodha ni kama kumwuliza mkulima mvua itanyesha saa ngapi. Mambo yakienda vizuri, kupanda mto huchukua wiki mbili au tatu. Mashine ikiharibika, au chombo kikipanda fungu la mchanga, mwezi unapita nanyi mko pale pale mkihesabu nyota.

Mwaka 1890 baharia mmoja Mpolandi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Joseph Conrad, alipanda mto huu katika meli ya mvuke Roi des Belges. Safari yake ilichukua karibu wiki nne. Alikuwa amezunguka bahari kubwa kwa miaka mingi, lakini hapa alishika daftari kama mwanafunzi, akaandika na kuchora kila kisiwa, kila fungu na kila gogo lililozama. Kama mtu wa bahari kuu alikubali kuanza upya mbele ya mto huu, nawe kubali.

4. Waheshimu watu wa omoni

Magharibi ya Kinshasa, kwenye maporomoko ya kuelekea Matadi, mto huu una vina vya zaidi ya mita 200. Hakuna mto mwingine duniani uliopimwa ukaonekana na kina cha namna hiyo. Lakini huku juu mto umejitawanya, una visiwa maelfu, na pengine ukingo wa pili huuoni. Mchanga wa chini unahama kila msimu. Tishari lenye shehena nzito linaweza kukwama mahali ambapo maji hayamfiki mtu kifuani.

Ndiyo maana omoni kabisa husimama mabaharia wawili, mmoja kila upande, wameshika pondo ndefu zilizopakwa rangi za vipimo. Wanatumbukiza, wanasoma alama, wanampa nahodha ishara kwa mkono, wanatumbukiza tena. Kazi hiyo huenda tangu alfajiri, juani na mvuani. Nahodha naye anausoma uso wa maji: panapometameta, panapokunjamana, pale gugu maji linapozunguka bila kusonga. Usiwasemeshe watu hawa wakiwa kazini, wala usisimame mbele yao upigwe picha. Maisha yako yote kwa wakati huo yako kwenye ncha ya upondo.

5. Nunua kama mwenyeji

Meli haisimami, soko ndilo linaloifuata. Mitumbwi hutoka vijijini, wapiga kasia wamesimama wima, na hukimbilia ubavuni mwa tishari. Mmoja hurusha kamba au kudaka ukingo, na katika sekunde hizo chache mtumbwi unaweza kuzama na jasho la mwezi mzima. Wakishafunga, biashara huanza: samaki wa moshi, ndizi, mawese, viwavi waliokaushwa, na kwanga, yaani mihogo iliyorowekwa, ikapondwa, ikafungwa majanini na kupikwa. Wao wanataka chumvi, sabuni, betri, dawa na nguo.

Bei jadili, lakini usimcheleweshe muuzaji. Meli inapanda mto, na kila dakika ya ubishi inamsogeza mbali na kwao. Akimaliza atafungua kamba na kuuacha mkondo umrudishe nyumbani, pengine usiku kucha. Mwongezee kidogo. Kijiji kile hakina duka jingine zaidi ya meli inayopita, na meli haina jiko jingine zaidi ya kijiji kile.

6. Fika kwa adabu

Mbandaka utavuka ikweta. Utapita Lisala na Bumba, kisha siku moja abiria wote, wakubwa kwa watoto, watasogea upande mmoja kutazama. Hapo ni Kisangani. Meli haiendi mbele zaidi kwa sababu mbele yake yako maporomoko saba ya Boyoma. Kuyapita, wakoloni walijenga reli ya kwenda Ubundu. Kwenye poromoko la mwisho Wagenia wamesimika miti mikubwa kwenye maji yanayonguruma na kutundika mitego ya samaki yenye umbo la koni.

Na hapo utasikia Kiswahili. Hakikupanda mto kama wewe. Kilitoka mashariki kwa miguu, pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya akina Tippu Tip wa Zanzibar, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa wilaya ya maporomoko hayo. Kilikuja na machungu, kikabaki kuwa lugha ya soko, ya kanisa na ya kubembelezea watoto. Shuka, salimia kwa Kiswahili, na waage majirani zako mmoja mmoja. Aliyekupa nusu ya mkeka wake kwa wiki tatu ni ndugu.

7. Hatua ya mwisho, ambayo uifanye kabla ya zote

Kabla hujapanda, tazama. Aprili 2025, karibu na Mbandaka, boti ya mbao yenye mashine ilishika moto ikapinduka. Taarifa zilisema moto ulianzia kwa mtu aliyekuwa akipika ndani. Waliokufa walizidi mia moja, na baadhi yao hawakujua kuogelea. Mwaka 2019, baada ya ajali ya boti katika Ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Maofisa wameonya tena na tena juu ya kupakia kupita kiasi. Vyombo bado vinajazwa, kwa sababu watu wa mtoni hawana barabara ya kukimbilia na mwenye boti anajua hivyo.

Kwa hiyo jaketi nunua mwenyewe, hata kama itabidi uuze redio. Lala nalo karibu ya mkono. Ukiona moto umewashwa karibu na madumu ya mafuta, usione haya kusema, na msemee pia mama mwenye mtoto mgongoni. Balenieri ikitaka kusafiri gizani bila taa, ngoja ya asubuhi. Na ukiona ukingo wa boti umebakiza shubiri moja tu kufikia maji kabla haijaondoka gatini, chukua mkeka wako ushuke. Nauli inaweza kupotea. Kesho kutakuwa na chombo kingine, na mto utakuwa bado upo.