Jinsi ya Kupika DNA ya Nyuzi Nne Ukiwa Thika

Nyuzi mbili zimepitwa na wakati. Tangu wanasayansi Watson na Crick wazitangaze Aprili 1953, kila mwanafunzi amezichora daftarini, na mkazi wa Thika au Ruiru anayejiheshimu hawezi kujivunia kitu ambacho hata jirani anacho. Wewe unataka nne. Karibu jikoni.

Nunua ndizi mbivu, uziponde pamoja na maji, chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo. Miongozo ya ughaibuni itakuambia upondee ndani ya mfuko wa plastiki. Usithubutu. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, na adhabu inafika miaka 4 jela au shilingi milioni 4. Hizo si nne unazozitafuta. Tumia bakuli. Chuja kwa kichungi cha chai, kisha tia maji ya nanasi yavunje protini zilizong'ang'ania DNA. Hapo mtu wa Thika ana bahati, mradi nanasi limekatwa sasa hivi. Kimeng'enya chake, bromelaini, huharibiwa na moto, kwa hiyo la mkebe halikufai hata kama kiwanda cha mananasi unakiona ukiwa dirishani. Mwisho mimina polepole spiriti ya duka la dawa iliyolala kwenye friji. Utando mweupe utapanda juu.

Wengi hufika hapo wakapiga picha na kujitangaza wanasayansi. Tulia. Hiyo ni DNA ya kawaida iliyojaa takataka za ndizi. Jirani mjuaji atakushauri uhamie kahawa: ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu za kromosomu, ilhali Ruiru 11, aina ya arabika iliyotolewa na watafiti wa kahawa wa Ruiru mwaka 1985, ina seti nne. Mpe chai, umshukuru, usimsikilize. Seti ni idadi ya nakala, na kila nakala bado ina nyuzi zake mbili. Ila amekaribia ukweli bila kujua, kwa sababu kahawa hiyo ina kromosomu 44, yaani ncha 88, na mambo yenyewe yako kwenye ncha.

Ncha za kromosomu za binadamu hurudia herufi TTAGGG maelfu ya mara. Mimea mingi huongeza T moja. Mwishoni kabisa kipande cha uzi hubaki bila mwenzake. Kikijikunja, guanini nne, zile G, hushikana zikawa mraba, na miraba hupandiana. Ndiyo, mara nyingi ni uzi uleule mmoja uliohesabiwa mara nne. Umeishi Kenya, hesabu za namna hiyo si ngeni kwako. Katikati ya miraba husimama ioni ya potasiamu, kama kondakta wa matatu ya Thika Road: ni mdogo, hana kiti, na bila yeye hakuna anayekaa. Sodiamu ya chumvi ya jikoni huijaribu kazi hiyo kwa ulegevu. Lithiamu usiisumbue.

Sasa, badala ya kuzitafuta ncha ndani ya ndizi, agiza kipande kifupi kutoka kwa kampuni zinazounga DNA herufi kwa herufi: GGGTTAGGGTTAGGGTTAGGG. Kiyeyushe kichupani, katika maji yenye potasiamu. Maabara nyingi hupasha mchanganyiko huo hadi selsiasi 95, kisha huuacha upoe taratibu. Mtu wa Mombasa atahitaji kipimajoto, maana maji yake huchemka kwenye 100. Thika, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na 95 yenyewe. Sufuria yako ni kifaa cha maabara. Usiwaazime tena majirani. Chovya kichupa katika maji yanayochemka, zima jiko, nenda Ruiru na urudi saa ya foleni. Ukifika yatakuwa yamepoa.

Wanaotaka nyuzi tatu wawe waangalifu. Mwanakemia Linus Pauling alizitangaza mapema mwaka 1953 akaumbuka. Za kweli zilipatikana maabara mwaka 1957, tena za RNA, ndugu ya DNA. Zako nne zilielezwa mwaka 1962, na kwa miongo mingi wengi walidhani ni mchezo wa chupa tu, hadi kikundi cha Cambridge kilipozionyesha ndani ya seli za binadamu mwaka 2013.

Kwa macho hutaona kitu. Inahitajika mashine inayopima jinsi DNA inavyofyonza mwanga unaozunguka kulia na kushoto, na haiuzwi Makongeni. Kati ya Ruiru na Thika kuna Juja, na Juja kuna chuo kikuu cha JKUAT; nenda na barua ya kuuliza, si na chupa ya soda yenye kitu cheupe, maana mlinzi wa langoni naye ana maswali yake. Ukipata kilele cha grafu karibu na nanomita 290, piga vigelegele. Kikihamia 295 na shimo likatokea karibu na 265, ulitia chumvi ya jikoni. Mstari ukilala tu, umepima maji ya mfereji.