Shusha Maduka Mawili!

Mgeni akitaka kuijua historia ya Chang'ombe, Dar es Salaam, mpandishe daladala. Konda atapiga kelele, "Maduka Mawili!", na abiria watashuka katikati ya maduka ambayo hata mtu wa kodi angechoka kuyahesabu. Yale mawili ni yapi? Usiulize. Kituo kimeshapata jina, ushahidi wa nini tena?

Sasa nenda kwenye viwanja vya mpira. Viko viwili, ubavu kwa ubavu kama bi mkubwa na bi mdogo. Bi mkubwa ndiye aliyeona bendera ya Tanganyika ikipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Mwaka 2007 alipoletwa mwenzake wa kubeba watu 60,000, bi mkubwa akavuliwa jina la Taifa, akafutwa machozi kwa jina la Uhuru. Mdogo naye hakudumu nalo: 2020 akaitwa Benjamin Mkapa. Kwa hiyo Taifa halina tena uwanja, ila konda hajaletewa barua. Bado anashusha watu "Taifa".

Siku ya Simba na Yanga hata wataalamu wa mipango miji huonekana huku. Wamo kwenye foleni, wamefunga vioo.